MAJI YA SUMAKU: JE, YATAOTESHA MALISHO?

Ukame wa 2020 hadi 2022 uliua zaidi ya mifugo milioni 2 hapa Kenya. Ndiyo sababu tunafurahi tukiona vikundi vya sehemu kavu vikipanda malisho kando ya kisima au bwawa. Lakini kuna kifaa kinachouzwa siku hizi: sumaku ya kufungwa kwenye paipu. Wauzaji husema maji yakipita hapo, hata yakiwa ya chumvi, nyasi zitamea sana. Kabla mweka hazina hajafungua sanduku, hebu tuelewane.

Sumaku hufanya nini?

Sumaku haiongezi maji wala haitoi chumvi. Mtungi mmoja ukipitishwa hapo hubaki mtungi mmoja, na chumvi yake imo bado. Watafiti wa nchi kadhaa wameyajaribu maji haya. Katika jaribio moja la Australia lililotangazwa 2009, mboga zingine zilizaa zaidi kidogo, lakini njegere hazikupata faida. Tena hilo lilifanywa ndani ya nyumba ya vioo, si katika shamba la Kitui au Baringo. Wataalamu hawajakubaliana ni kwa nini hufaa mahali pengine na kwingine hayafai. Basi tusiseme ni uongo mtupu, na tusiseme ni dawa.

Jaribuni kwanza

Muuzaji akiwa na imani na kifaa chake, mwambieni awaazime msimu mmoja. Kisha fanyeni hivi:

1. Pimeni vipande vinne, kila kimoja mita 5 kwa 5. Viwili vipate maji ya sumaku, viwili maji ya kawaida, vikipishana.

2. Pandeni mbegu ya aina moja, siku moja, samadi kiasi kimoja.

3. Kila mara, kila kipande kipate mitungi 12 ya lita 20. Hiyo ni karibu sawa na mvua ya milimita 10.

4. Vuneni siku moja, pimeni kwa mizani, mwandike kwenye daftari. Anayepima asiambiwe kipande kipi ni cha sumaku.

Vipande vyote viwili vya sumaku vikishinda vingine kwa uzito mkubwa, rudieni msimu wa pili. Vikikaribiana, mrudishieni mwenyewe kifaa chake.

Yanayosaidia bila sumaku

Maji yakiwa na chumvi, lusani itawasumbua. Mtama na nyasi za Boma Rhodes huvumilia zaidi. Msinyunyize kidogo kidogo kila siku, maana jua hukausha maji na chumvi hubaki juu. Afadhali mnyweshe kwa nafasi, maji yazame chini ya mizizi. Mnyweshe jioni, mtandaze majani makavu, na mchimbe matuta ya nusu mwezi ya kushika mvua. Maji ya mvua hayana chumvi, nayo huiosha ile iliyo kwenye udongo.

Jihadharini na mtama mchanga, hasa ulionyauka kwa kiangazi. Una sumu inayoweza kuua ng'ombe. Subirini ufike kiunoni.

Katika mkutano ujao ulizaneni: fedha hizi zikinunua mbegu na majembe, tutapata malisho kiasi gani? Na zikinunua sumaku? Jibu likiwa kwenye daftari lenu, hakuna muuzaji atakayewababaisha.