Emulsheni za Mafuta katika Vimiminika vya Uchorongaji: Uteuzi wa Tope kwa Miamba ya Unguja

Uchorongaji wa kisima cha mafuta au gesi hautegemei keekee peke yake. Ndani ya mabomba husukumwa tope maalumu ambalo hutokea kwenye matundu ya keekee, kisha hupanda juu kwa kupitia nafasi iliyopo baina ya bomba na ukuta wa kisima. Tope hilo hubeba vipande vya miamba, hupoza keekee na, kwa uzito wake, huzuia gesi na mafuta yaliyomo miambani yasifumuke kuja juu. Aina iliyo nyepesi kutengenezwa ni ya maji na bentonaiti. Makala haya yanafafanua aina ya pili, yaani emulsheni ya mafuta, na yanajenga hoja kwamba sifa zinazoifanya iwe bora katika vina virefu ndizo zinazoifanya isifae karibu na uso wa ardhi ya Unguja.

Suala hili lina umuhimu wa wakati. Visima vya kwanza vya utafiti wa mafuta katika visiwa hivi vilichorongwa na BP na Shell kuanzia miaka ya 1950. Baada ya kimya cha miongo kadhaa, Zanzibar ilitunga sheria yake ya mafuta na gesi mwaka 2016, ikatia saini mkataba na kampuni ya RAK Gas kwa kitalu cha Pemba na Zanzibar mwezi Oktoba 2018, na mwaka 2024 ikafungua duru yake ya kwanza ya kunadi vitalu vya baharini.

Emulsheni ni mchanganyiko wa vimiminika viwili visivyoyeyukana, kimoja kikiwa kimetawanyika ndani ya kingine kwa umbo la matone madogo mno. Tui la nazi ni mfano ulio karibu: matone ya mafuta yameelea ndani ya maji. Siagi ni kinyume chake, kwani maji ndiyo yaliyotawanyika ndani ya mafuta. Tope linalojadiliwa hapa ni la jamii ya siagi, ingawa hutiririka. Kinachoamua mpangilio huo ni emulsifaya. Kwa mujibu wa kanuni ya Bancroft, kimiminika ambacho emulsifaya huyeyuka zaidi ndani yake ndicho kinachokuwa cha nje.

Kwa kawaida mafuta huchukua sehemu 70 hadi 90 katika kila sehemu 100 za vimiminika hivyo viwili, na sehemu inayobaki ni maji yaliyokolezwa kloridi ya kalsiamu. Asidi za mafuta hutiwa pamoja na chokaa ili zifanye sabuni ya kalsiamu, ambayo huyazunguka matone ya maji na kuyazuia yasiungane. Udongo uliotibiwa kikemikali ili upatane na mafuta huongezwa kwa ajili ya uzito wa mtiririko, na bariti, madini yenye densiti ya takriban 4.2, huongezwa ili tope liweze kukabili mgandamizo wa chini.

Faida kuu huonekana pale keekee inapoingia katika miamba ya udongo wa mfinyanzi. Miamba hiyo hunyonya maji, huvimba, kisha humomonyoka na kulibana bomba. Emulsheni huigusisha mafuta badala ya maji. Aidha, utando unaoyazunguka matone hufanya kazi ya kichujio cha osmosisi: chumvi iliyomo ndani ya matone ikizidi ile ya mwamba, maji hutoka mwambani badala ya kuingia. Hata hivyo, chumvi ikizidishwa mno mwamba hukauka na kupasuka, hivyo kipimo chake hutakiwa kulinganishwa na mwamba wenyewe. Faida nyengine ni ustahimilivu wa joto na ulainishaji, ambao ni muhimu kwa kisima cha mshazari kinachoanzia nchi kavu na kuishia chini ya bahari.

Uimara wa emulsheni hupimwa kwa umeme. Mafuta hayapitishi umeme. Kwa hiyo volti hupandishwa taratibu baina ya ncha mbili zilizozamishwa ndani ya tope hadi matone yajipange na mkondo upite. Thamani moja pekee haielezi mengi. Mchunguzi hufuatilia mwenendo wa siku hadi siku, na kushuka kwa ghafla huashiria kuwa maji ya mwamba yameingia au emulsifaya imepungua. Kwa lugha ya jikoni, tui linakaribia kukatika.

Ugumu wa Unguja uko juu, si chini. Barabara itokayo Tunguu, ilipo kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kuelekea Jozani na Makunduchi hupita katika ardhi ya maweni, yaani jiwe la matumbawe lenye nyufa na mapango. Maji matamu ya kisiwa ni ya chini ya ardhi, na karibu na pwani huelea juu ya maji ya chumvi. Tope linaloingia katika pango hupotea bila kurudi juu. Likiwa ni maji na bentonaiti, hasara ni ya gharama na uchafuzi wake ni mdogo. Likiwa ni emulsheni, mafuta na emulsifaya huingia katika chanzo kinachonywewa. Hakuna namna nyepesi ya kuyatoa humo.

Mafuta yenyewe hutofautiana. Dizeli ni rahisi kupatikana lakini ina sumu zaidi. Mafuta ya madini yaliyosafishwa yana nafuu. Esta zinazotokana na mafuta ya mimea, zikiwemo za jamii ya minazi na michikichi, huoza upesi zaidi, lakini katika joto kubwa chokaa iliyomo ndani ya tope huzivunja, kwa mmenyuko uleule wa kutengeneza sabuni. Hivyo mnazi hauwezi kuchukuliwa kuwa jawabu la kila kina.

Vipande vya miamba vinavyotoka na mafuta ni tatizo jengine. Uamuzi wa OSPAR 2000/3, unaohusu Atlantiki ya Kaskazini Mashariki, unakataza kutupa baharini vipande vyenye mafuta yanayozidi asilimia 1 ya uzito mkavu. Kwa bahari ya wavuvi na wakulima wa mwani wa Chwaka na Paje, kiwango kilicho legevu zaidi ya hicho hakina utetezi.

Utaratibu unaofaa, kwa hiyo, ni kuchoronga tabaka la matumbawe kwa tope la maji lisilo na viambata vya sumu, kuteremsha bomba la kinga na kulizungushia saruji hadi chini ya maji matamu, na kupima uzibaji wake kwa shinikizo. Emulsheni iingizwe baada ya kipimo hicho tu, na pale ambapo miamba ya mfinyanzi imethibitika kuwa haivumilii tope la maji lenye chumvi ya potasiamu.