Kuishi na Ugonjwa wa Parkinson: Umuhimu wa Kumpata Daktari Anayekusikiliza



Katika ziara zetu za miradi vijijini tumekuwa tukikutana na wazee ambao mkono mmoja hutetemeka wakiwa wamekaa tu, hatua zao zimekuwa fupi na sauti zao zimefifia. Tukiuliza, baadhi ya wanafamilia husema ni uzee, wengine husema ni kiharusi, na wengine husema mzee amerogwa. Wachache sana wamewahi kuambiwa kwamba huenda ni ugonjwa wa Parkinson, na kwamba ugonjwa huo una dawa ya kuutuliza. Kwa sababu hiyo tumeona vema kuuelezea katika toleo hili.

Ugonjwa huu ni nini?

Jina lake linatokana na James Parkinson, daktari wa Uingereza aliyeueleza kwa maandishi mwaka 1817. Ndani ya ubongo kuna seli zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini, ambayo husaidia viungo kutii amri za mwendo. Seli hizo zinapokufa kidogo kidogo, mwili huwa mzito. Kwa wagonjwa wengi chanzo hakijulikani. Ugonjwa huu hauambukizi, wala hautokani na uchawi au laana. Huwapata zaidi watu waliovuka miaka 60, ingawa wapo wanaoanza kuugua mapema zaidi.

Dalili kuu ni mwendo kuwa wa polepole, misuli kukakamaa, na kiungo kutetemeka kikiwa kimepumzika. Baadaye huja kuyumba na kuanguka. Mara nyingi dalili huanzia upande mmoja wa mwili, na ndiyo maana watu hudhani ni kiharusi. Lakini kiharusi huja ghafla, na Parkinson huingia polepole kwa miezi na miaka. Zipo pia dalili ambazo mgonjwa hazitaji asipoulizwa: kufunga choo, kutosikia harufu, kukosa usingizi, mwandiko kuwa mdogo na huzuni ya muda mrefu. Uso nao huweza kukosa hisia, watu wakafikiri mzee amenuna au hana tena akili, kumbe anasikia na kuelewa yote.

Tunajifunza nini kutoka Hai?

Watafiti walifanya uchunguzi katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuchapisha matokeo yake mwaka 2008. Katika eneo lenye watu wapatao 161,000 waliwakuta wagonjwa 33 wa Parkinson. Zaidi ya robo tatu ya wagonjwa hao walikuwa hawajawahi kutambuliwa kuwa na ugonjwa huo. Waliishi nao bila kuujua jina, na asiyejua jina la ugonjwa wake hawezi kuitafuta dawa yake.

Kwa nini daktari ni muhimu sana?

Hakuna kipimo cha kawaida cha damu kinachoweza kuthibitisha ugonjwa huu. Daktari huutambua kwa kusikiliza maelezo, kumtazama mgonjwa akitembea na kugonganisha vidole, na kupima ukakamavu wa mikono. Hivyo daktari mwenye haraka anaweza kuukosa kabisa.

Dawa inayotumika zaidi ni levodopa iliyochanganywa na carbidopa, nayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Haiponyi, lakini huweza kumrudishia mgonjwa uwezo wa kufunga vifungo vya shati, kula mwenyewe na kutembea hadi shambani. Huanzwa kwa kiasi kidogo na kuongezwa taratibu. Baada ya miaka kadhaa nguvu yake hudumu saa chache zaidi, na vipimo hubidi kupangwa upya. Ndiyo maana mgonjwa anahitaji daktari wa kufuatana naye kwa miaka mingi.

Madaktari bingwa wa mfumo wa fahamu bado ni wachache nchini, na wengi wako katika hospitali kubwa. Hata hivyo, si lazima daktari wako awe bingwa. Daktari wa hospitali ya wilaya au tabibu wa kituo cha afya anaweza kukusaidia sana ikiwa:

- anakuuliza na kukusikiliza wewe mwenyewe, si mwanao aliyekusindikiza tu;
- anakueleza dawa inafanya nini na madhara yake, kama kichefuchefu, kizunguzungu unaposimama au kuona vitu visivyokuwapo;
- anakubali kuandika rufaa au kumwuliza bingwa pale anapofikia mwisho wa ujuzi wake;
- anajali dawa ya mwezi ujao itapatikana wapi na kwa bei gani, na anakupangia siku ya kurudi.

Mgonjwa na familia wafanye nini?

Kabla ya kwenda hospitali, andikeni katika daftari dalili zilianza lini, upande gani, na saa zipi hali huwa mbaya. Chukueni pakiti za dawa zote anazotumia. Zipo dawa zinazoweza kuleta au kuzidisha dalili hizi, kwa mfano metoclopramide ya kuzuia kutapika na haloperidol ya magonjwa ya akili. Mwambieni daktari pia kuhusu dawa za mitishamba. Mbegu za upupu, kwa mfano, zina levodopa ndani yake, lakini kiasi hakijulikani, hivyo mtu asijitibu nazo.

Dawa inywewe kwa saa zilezile kila siku, ikiwezekana nusu saa kabla ya chakula, kwa kuwa nyama, maharage na maziwa huweza kupunguza nguvu yake. Isiachwe ghafla hata siku moja, maana kuiacha hivyo ni hatari. Mazoezi ya kila siku nayo ni tiba. Miguu ikiganda mlangoni, mgonjwa asivutwe. Ahesabu "moja, mbili" au alenge kuvuka mstari uliochorwa sakafuni, na mara nyingi hatua itatoka.

Mkikutana na daktari asiyewasikiliza, msikate tamaa. Ulizeni wagonjwa wengine ni nani aliyewasaidia, au ombeni rufaa. Nanyi mnaotembelea wagonjwa katika mitaa, mkimwona mzee anayetetemeka na kupunguza mwendo, msimwache na neno "uzee". Mshaurini akapimwe, na ikiwezekana mmoja wenu amsindikize.