Tundu Liko Masjala: Kweli na Uongo Kuhusu Seva za Barua Pepe

Ofisi nyingi siku hizi zimeshapata semina ya usalama wa mtandao, na semina nyingi huishia kwenye onyo lile lile: usibofye kiungo usichokijua. Onyo hilo ni jema, tulishike. Ubaya wake ni kwamba limezaa imani kuwa hatari yote ya barua pepe iko kwenye kidole cha mfanyakazi, na wakuu wa idara wakishaamini hivyo hawaulizi tena habari za seva. Nimekusanya kauli ninazozisikia mara kwa mara, na hali halisi ya kila moja.

"Kama hakuna aliyebofya, hakuna aliyeingia."

Si kweli, na hapa inafaa tukae kidogo. Kabla barua haijafika kwenye sanduku lako, imeshapokewa na kusomwa na programu: Exim, Postfix, Zimbra, Microsoft Exchange au nyingine. Programu hiyo ni kama karani wa masjala. Analazimika kupokea bahasha ya mtu yeyote duniani na kuisoma kabla hajaamua kama aitupe au aipeleke ndani. Kosa likitokea katika kusoma huko, mfanyakazi hana la kufanya, kwa sababu hata hajaiona barua yenyewe.

Chukua Exim. Ilianzishwa Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1995 na Philip Hazel, na leo ndiyo inayobeba barua ndani ya cPanel, mfumo ambao kampuni nyingi za kuhifadhi tovuti za Dar es Salaam na Nairobi huwauzia wateja wao. Juni 2019, watafiti wa kampuni ya Qualys walitangaza kwamba sehemu ya anwani ya mpokeaji, ile inayotangulia alama ya @, ilikuwa ikipitishwa kwenye kipengele cha Exim kinachofasiri alama maalumu. Mtu akiandika mahali pa jina alama ya dola, mabano na amri ndani yake, Exim iliitekeleza amri hiyo, tena kwa mamlaka ya juu kabisa ya mashine. Kwenye baadhi ya mipangilio mlango ulifunguka papo hapo. Kwenye seva iliyoachwa na mipangilio yake ya kawaida, Qualys walieleza, mshambuliaji wa mbali angehitaji kushikilia muunganisho kwa siku 7, akituma baiti moja kila baada ya dakika chache. Ni kazi ya kuchosha kwa binadamu, lakini kompyuta haichoki.

Wala si ugonjwa mpya. Novemba 1988 mnyoo wa Robert Morris ulitumia njia kadhaa kuingia kwenye kompyuta za intaneti changa ya wakati ule, na mojawapo ilikuwa Sendmail, programu ya seva ya barua iliyokubali kupokea amri mahali pa anwani.

"Wakitangaza hatari, ndipo tutasasisha."

Hii ndiyo kauli inayoniumiza zaidi, maana hutoka kwa watu makini wanaoogopa kuvuruga mfumo unaofanya kazi. Turudi kwa Exim. Tundu lilikuwamo kuanzia toleo 4.87 hadi 4.91. Toleo 4.92 lilitoka Februari 2019 likiwa limeshaliziba, na wakati huo halikuwa limetambuliwa kama tundu la usalama. Aliyesasisha kwa utaratibu wake wa kawaida alikuwa salama miezi minne kabla ya tangazo. Aliyesubiri kengele aliisikia Juni, na siku chache baadaye mashambulizi ya kujiendesha yalikuwa yameanza. Mei 2020, karibu mwaka mzima tangu tangazo, shirika la usalama la Marekani, NSA, lilionya kwamba kikundi cha Sandworm cha jeshi la Urusi kilikuwa kikiingilia tundu hilo hilo tangu angalau Agosti 2019. Dawa ilikuwapo muda wote huo, na bila malipo.

"Sisi ni wadogo, nani atatutaka?"

Si kweli. Machi 2021, matundu ya Exchange yalipojulikana, kampuni ya ESET ilikuta mafaili ya wavamizi kwenye seva zaidi ya 5,000 katika nchi zaidi ya 115. Mashine inayotafuta seva dhaifu inapita anwani moja baada ya nyingine. Haijui kama imefika benki au duka la vipuri.

"Kiraka kimewekwa, tumemaliza."

Ni kweli nusu tu. Kiraka huziba tundu, hakimtoi aliyekwisha kuingia. Viraka vya Exchange vilitolewa tarehe 2 Machi 2021, lakini wavamizi walikuwa wameanza Januari, na kwenye seva nyingi walikuwa wameacha faili dogo ndani ya folda za tovuti, la kupokelea amri zao baadaye. Seva iliyowekewa kiraka huku faili hilo limebaki ilikuwa bado mikononi mwao. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba Aprili ile FBI, kwa kibali cha mahakama, iliingia kwenye mamia ya kompyuta za watu nchini Marekani kuyafuta mafaili hayo. Kwa hiyo fundi wako wa TEHAMA akikwambia amesasisha, muulize pia kama amepekua folda na kumbukumbu za seva za tangu kabla ya tarehe ya kiraka.

"Tuna antivairasi mbele ya seva."

Uwe nayo, lakini usiiamini kupita kiasi, maana nayo inasoma barua za wasiojulikana. Mwaka 2022 seva za Zimbra ziliingiliwa kupitia hatua ile ile ya kufungua viambatisho vya mafaili yaliyofungashwa pamoja ili vikaguliwe. Kisa cha Barracuda ni kizito zaidi. Kampuni hiyo huuza vifaa vya kuchuja barua. Mvamizi alituma kiambatisho cha aina ya TAR chenye amri ndani ya majina ya mafaili yake, na kifaa kilipokikagua kikaitekeleza amri. Uvamizi ulianza Oktoba 2022, ukagunduliwa Mei 2023. Wachunguzi wa Mandiant waliona kwamba baadhi ya barua hizo ziliandikwa ovyo, sarufi mbovu, na wakaamini ni makusudi, ili zidhaniwe taka za kawaida na asiwepo wa kuzichunguza. Juni 2023 Barracuda iliwaambia wateja walioathirika wavibadilishe vifaa vyenyewe, hata vile vyenye kiraka.

"Mfumo wetu unasifika, haujawahi kutobolewa."

Daniel J. Bernstein, mwandishi wa programu ya seva ya barua iitwayo qmail, aliahidi mwaka 1997 dola 500 kwa atakayegundua tundu la usalama ndani yake. Mwaka 2005 Georgi Guninski alitoa taarifa ya kasoro, ikakataliwa kwa hoja kwamba hakuna anayeipa programu hiyo kumbukumbu kubwa kiasi hicho. Mwaka 2020 Qualys walionyesha kwamba kasoro hiyo inaweza kweli kutumiwa na mvamizi. Qmail iliandikwa kwa uangalifu wa hali ya juu, sifa hiyo inaistahili. Ila kompyuta za mwaka 2020 hazikuwa zile za 1997.

"Tuhamie kwenye wingu, yaishe."

Kwa ofisi isiyo na fundi wa kudumu, ningesema ni kweli kwa sehemu kubwa: Exchange ya mtandaoni inayoendeshwa na Microsoft yenyewe haikuguswa na matundu yale ya 2021. Lakini mwaka 2023 wadukuzi waliopata ufunguo wa kutia saini wa Microsoft walisoma barua za huko huko mtandaoni, zikiwemo za Waziri wa Biashara wa Marekani, Gina Raimondo.

Wengi wetu hata hivyo tuko katikati: tunalipia kifurushi kwa kampuni ya kuhifadhi tovuti na hatujui chini yake kuna nini. Piga simu leo. Uliza seva inaendeshwa na programu gani, toleo la ngapi, na ilisasishwa lini mara ya mwisho. Hayo ni maswali ya dakika tano kwa anayeifahamu seva yake. Wiki ikipita bila jibu, anza kutafuta pa kuzihamishia barua zako.