Bwana Learie Constantine, Mchezaji na Mtetezi wa Haki

Mara nyingi wanafunzi hutuuliza swali hili: "Mwalimu, je, mtu aweza kuufanya mchezo kuwa kazi yake, na bado akahesabiwa mtu wa maana?" Wazazi wengi hujibu upesi kwamba mchezo ni wa watoto, na kazi ni ya watu wazima. Sisi leo hatutaki kujibu kwa maneno matupu. Twapenda kuwasimulia maisha ya mtu mmoja aliyelipwa mshahara kwa kucheza, ili kila msomaji apime mwenyewe.

Learie Constantine alizaliwa tarehe 21 Septemba 1901 katika Trinidad, kisiwa kilicho karibu na pwani ya Amerika ya Kusini. Wakati ule kisiwa kilitawaliwa na Waingereza. Watu weusi wa huko ni uzao wa Waafrika waliochukuliwa utumwani, na jamaa ya Learie ilikuwa ya asili hiyo. Baba yake, Lebrun, alikuwa msimamizi katika shamba la kakao. Learie alisoma katika shule ya Kikatoliki ya Mtakatifu Anna mpaka mwaka 1917, kisha akawa karani katika ofisi ya wanasheria.

Mchezo wake ulikuwa kriketi. Kwa kuwa wengi wetu twaujua zaidi mpira wa miguu, yafaa tueleze kidogo. Timu mbili za watu 11 hupokezana: moja hupiga, nyingine hurusha na kudaka. Mrushaji hutupa mpira mgumu wa ngozi kuelekea vijiti vitatu vilivyosimikwa chini, naye mpigaji huvilinda kwa gongo bapa la mti. Akiupiga mpira mbali, yeye na mwenzake hukimbia kubadilishana mahali, na kila mkimbio huhesabiwa. Vijiti vikiangushwa na mpira, au mpira ukidakwa kabla haujagusa chini, mpigaji hutoka.

Wahenga walisema: Mwana wa mhunzi, asiposana, huvukuta. Lebrun naye alikuwa mchezaji hodari. Mwaka 1900 timu ya visiwa vile ilipokwenda Uingereza, yeye hakuwa na fedha za safari, na meli ikang'oa nanga bila yeye. Watu wa mji walipopata habari wakachanga fedha, wakamtia katika chombo chepesi kilichoifuata meli baharini hata kuifikia. Akiisha kufika London, katika uwanja mashuhuri wa Lord's, alipata mikimbio 113, naye akawa mtu wa kwanza wa visiwa vile kupita 100 katika nchi ya Uingereza. Ndiye aliyemfundisha mwanawe nyumbani, wala hakuvumilia uvivu katika kudaka.

Learie alipokuwa karani aliona wazi kwamba katika kisiwa chake mtu mweusi hapandi cheo kwa urahisi, hata akiwa na akili na bidii. Basi akakusudia kufungua njia kwa mchezo. Mwaka 1928 alikwenda Uingereza na timu ya visiwa vyake. Mwezi wa Juni, katika uwanja ule ule wa Lord's, walipambana na timu ya Middlesex. Wenzake walikuwa wameanza vibaya. Yeye akapata mikimbio 86. Kisha akarusha mpira kwa nguvu hata kuwatoa wapigaji 7. Walipopiga mara ya pili akaongeza mikimbio 103, muda wa saa moja tu, na timu yake ikashinda. Jina lake likaenea nchi nzima.

Ndipo mji wa Nelson ukamwita. Ulikuwa mji mdogo wa viwanda vya kufuma pamba, kaskazini ya Uingereza. Katika mashindano ya huko kila timu iliruhusiwa kuwa na mchezaji mmoja tu wa kulipwa. Wengine walikuwa wafanyakazi waliocheza siku za mapumziko. Fikirini basi mzigo wa mtu huyo mmoja! Timu ikishindwa, macho yote humgeukia yeye.

Constantine alianza kazi hiyo mwaka 1929. Mwanzoni yeye na bibi yake, Norma, waliona uchungu. Watu wengi wa Nelson hawakuwa wamepata kumwona mtu mweusi. Watoto walichungulia dirishani, wengine wakamwuliza kama ametoka kuchimba makaa ya mawe. Barua nyingine zilimletea matusi. Akataka kuondoka. Lakini Norma alimshauri akae mpaka mapatano yao yatimizwe. Hili ni shauri la mke mwenye hekima! Wakakaa, majirani wakawajua, na chuki ikageuka urafiki. Katika miaka yake 9 timu ya Nelson ilishika nafasi ya kwanza mara 7, wala haikupata kushuka chini ya nafasi ya pili. Mwaka 1963 mji huo ulimpa heshima yake kubwa kabisa, ya kuwa raia wa heshima wa Nelson.

Wakati wa vita kuu ya pili serikali ya Uingereza ilimpa kazi ya kuwatunza wafanyakazi waliotoka visiwa vyake. Mwaka 1943 alikwenda London pamoja na mkewe na binti yao, kucheza katika uwanja wa Lord's. Alikuwa amekwisha agiza vyumba katika Imperial Hotel kwa siku nne. Walipofika wakaambiwa kwamba wataruhusiwa kulala usiku mmoja tu, kwa sababu Wamarekani waliokuwamo humo wasingependa kukaa pamoja na watu weusi. Mtu aliyeshangiliwa na maelfu uwanjani, akakataliwa mlangoni pamoja na mke na mtoto wake!

Yeye hakupiga mtu, wala hakutukana. Alihamia mahali pengine, kisha akaishitaki hoteli ile. Mwaka 1944 mwamuzi alikata shauri kwamba Constantine ana haki, akamtolea fidia ya gini 5. Fedha hizo ni kidogo sana, lakini neno lilikuwa limesemwa mbele ya nchi yote: mgeni mwungwana hafukuzwi kwa ajili ya ngozi yake. Sheria ya kwanza ya Uingereza ya kukataza ubaguzi wa rangi ilitungwa mwaka 1965. Na baraza lililosimamia sheria hiyo lilipoundwa mwaka 1966, Constantine alikuwa mmoja wa wajumbe wake watatu.

Wala hakusahau masomo. Mwaka 1954, umri wake umekwisha pita miaka 50, alihitimu kuwa wakili. Akarudi Trinidad, akawa waziri, kisha balozi wa nchi yake huko London. Mwaka 1969 akawa mtu mweusi wa kwanza kuketi katika Baraza la Malodi la Uingereza. Alifariki tarehe 1 Julai 1971, na Trinidad ikamzika kwa heshima zote za taifa.

Basi, ninyi vijana, jibu la swali lenu ni hili. Mchezo waweza kuwa kazi, kama mtu akiufanya kwa uaminifu kama vile seremala afanyavyo kwa randa yake. Lakini nguvu za mwili hupungua. Constantine aliposhindwa kukimbia, alikuwa na elimu, jina jema, na haki ya kutetea. Na ninyi wazazi, mkimwona mtoto wenu akicheza kiwanjani, msimkemee kwanza. Mwulizeni kama amekwisha soma, kisha msimame kidogo mtazame namna anavyodaka.