Je, Ekseli Kuukuu Yaweza Kustahimili Injini Kubwa?

Katika gereji moja ya wazi hapo Kashojwa, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, tuliikuta Land Rover ndefu ya Series IIA, aina iliyoundwa kati ya mwaka 1961 na 1971, imeinuliwa juu ya magogo na boneti yake imeegemezwa mtini. Injini ya petroli ya lita 2.25 iliyotoka nayo kiwandani haikuwemo tena. Mahali pake palikuwa na injini ya dizeli ya Toyota, 1HZ, yenye silinda 6 na lita 4.2. Mwenye gari huchukua mahindi na maharagwe kwenda Mbarara, na mara nyingi usiku huamshwa apeleke mgonjwa. Alikuwa na swali moja tu kwa fundi, nasi tukasimama kusikiliza: ekseli ya nyuma itaweza?

Fundi, mzee wa Kikongo, alijifuta mikono kwanza. "Mkubwa," alisema, "injini peke yake haivunji ekseli. Huvunjwa na mzigo, na mguu wa dereva."

Kwa kuwa askari na polisi wengi hupanda magari yaliyobadilishwa namna hii, tena mara nyingi bila kujua, tumeona yafaa tulichunguze jibu hilo kwa hesabu.

Injini ya zamani hutoa nguvu ya msokoto ipatayo nyutoni-mita 165. Ile ya Toyota hutoa 285. Lakini nguvu hiyo haifiki nyuma kama ilivyo. Gia ya kwanza huizidisha, kisha difu, ambayo uwiano wake ni 4.7, huizidisha tena. Gari likiwa katika gia nyepesi, likisukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, jumla ya kuzidishwa huko ni karibu mara 19. Kwa hiyo ekseli iliyokuwa ikipokea nyutoni-mita 3,200 hivi, sasa yaweza kupokea zaidi ya 5,400. Na tukumbuke kwamba ukoo wa ekseli hii ulianza mwaka 1948, Land Rover ya kwanza ilipotoka na injini ya lita 1.6 yenye nguvu za farasi 50 tu. Hafushafti zake ni nyembamba, zenye meno 10 upande wa difu, na mafundi wa Afrika Mashariki wamekwisha zibadilisha nyingi zisizohesabika.

Hata hivyo mzee hakukosea. Hafushafti haiwezi kusokotwa kuliko tairi inavyoweza kushika ardhi. Ekseli ya nyuma ikibeba kilo 1,500 juu ya changarawe kavu, tairi huanza kuteleza msokoto ukifika kiasi cha nyutoni-mita 3,500, basi nguvu inayozidi huishia vumbini. Pakia kilo 2,500, kisha uondoke kwa kishindo mlimani juu ya lami: tairi hazitelezi tena, na nguvu yote ya injini mpya hubebwa na chuma. Matope nayo yana hila yake. Gurudumu linalozunguka bure topeni haliumizi kitu. Shafti hukatika pale gurudumu hilo linapokutana ghafla na jiwe huku dereva angali amekanyaga mafuta.

Kuna jambo jingine ambalo, kwa maoni yetu, ni zito kuliko gharama ya shafti. Breki ya mkono ya Land Rover hizi haimo magurudumuni. Hushika propela, nyuma ya giaboksi. Hafushafti moja ikikatika, difu hugeuka bure, na breki hiyo haishiki kitu. Tulipokuwa kadeti tulipata kuliona jambo hili kwa macho. Land Rover kongwe iliyojaa watu ilikata shafti katikati ya mlima, dereva akavuta breki ya mkono kama alivyofundishwa, na gari likaanza kurudi nyuma taratibu. Alishtuka mno hata asikumbuke breki ya mguu. Sajini mmoja aliruka chini akasukuma jiwe nyuma ya gurudumu. Hakuna aliyeumia. Siku hiyo tulicheka, lakini tangu hapo hatupandi mlima katika gari la namna hiyo kabla ya kuuliza kabari iko wapi.

Kiwanda chenyewe kilikwisha kabiliwa na swali la mwenye gari wa Kashojwa. Mwaka 1979 kilipotia injini ya V8 ya lita 3.5 katika Land Rover ndefu, kilifanya mambo matatu pamoja. Injini ilipunguzwa nguvu hata ikabaki na nguvu za farasi 91. Difu ilibadilishwa kutoka 4.7 hadi 3.54, na kwa hiyo msokoto unaofika kwenye hafushafti ukapungua kwa robo. Tena gari likafanywa la kuendeshwa na magurudumu yote manne wakati wote, ili ekseli ya mbele ibebe sehemu yake. Nyuma iliwekwa ekseli nene ya Salisbury, ambayo Land Rover ndefu nyingi za Series III zilikuwa nayo. Msomaji ataitambua kwa kifuniko chake cha nyuma kilichofungwa kwa boliti; ile ya zamani difu yake hutolewa kwa mbele.

Mzee alichomoa hafushafti ya kushoto, akaishika juani. Meno yake yalikuwa yamejipinda kidogo, kama uzi wa parafujo. Ilikuwa imekwisha choka kwa injini ya zamani, kabla hata ya hii mpya kuwashwa.

Walikubaliana hivi: Salisbury itafutwe Mbarara kwa wauza vipuri vya zamani, na hadi ipatikane gari lisipakie zaidi ya magunia 8, wala lisipande mlima wenye utelezi bila kusukuma chini kile kitufe cha manjano kinachounganisha magurudumu ya mbele. Mwenye gari alinung'unika kuhusu magunia. Alitaka 15. Mzee hakumjibu, alikwenda kuchonga kabari mbili za mti, akaziweka chini ya kiti cha dereva.