Pesa ya Goma Inapokwama

Tangu waasi wa M23 waingie mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, mwishoni mwa Januari 2025, lalamiko moja haliishi kwenye makundi yetu ya WhatsApp hapa Marekani: "Nimemtumia mama pesa, wananiambia inakaguliwa." Wengi wanasingizia ushuru wa asilimia 1 wa Marekani kwa pesa zinazotumwa nje, ulioanza Januari 2026. Sio huo. Ushuru ule anatozwa anayelipa kwa pesa taslimu, ukitoa kwenye akaunti ya benki haukuhusu, na wala hauzuii pesa kufika.

Kinachozuia ni vikwazo. Wizara ya Fedha ya Marekani iliwaweka M23 kwenye orodha yake zamani, Julai 2024 ikaongeza AFC, muungano wa M23, na Agosti 2025 likafuata kundi la wapiganaji la PARECO-FF, ushirika mmoja wa wachimbaji wa Rubaya, mji wa migodi, na kampuni mbili za Hong Kong zilizonunua madini ya huko. Shabaha ilikuwa madini ya koltani na bunduki. Lakini kompyuta ya kampuni ya kutuma pesa haioni koltani, inasoma majina.

Na hapo ndipo tunaponaswa. Kwenye kadi ya uchaguzi mama ana majina matatu, kwenye karatasi ya kambi ya wakimbizi mawili yaliyogeuzwa, wewe unaandika lile la nyumbani. Tarehe ya kuzaliwa ni 1 Januari, kama ya wengi waliopita kambini. Jina likifanana kidogo na la mtu wa orodha, pesa inasimama.

Kosa kubwa linakuja baadaye. Mtu anaona siku tatu zimepita, anamwomba shemeji atume kwa jina lake, au anaigawa na kuituma mara nne. Machoni pa mkaguzi, hiyo ni tabia ya mtu anayeficha. Usifanye hivyo. Andika majina yote kama yalivyo kwenye kadi atakayoonyesha mpokeaji, taja undugu wenu na kazi ya pesa, na ukiombwa hati peleka siku hiyohiyo. Uliza wazi: inakaguliwa, au imefungiwa kwa vikwazo? Ikiwa imefungiwa, hairudi bila kibali cha Wizara, na kibali hicho huombwa kwa maandishi. Kupiga kelele dirishani hakusaidii, ingawa ninaelewa hasira. Koltani ya Rubaya, kwa ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa wenyewe, ilivushwa mpaka Rwanda ikachanganywa na ya huko na kuuzwa. Lakini dola mia za dawa ya sukari ya mama ndizo zinazodaiwa vitambulisho.

La mwisho ni michango ya "vijana wetu wa mstari wa mbele". Sitaki kujua ni wa upande gani, makundi yenye silaha ya pande zote yamo kwenye orodha ya vikwazo. Kwa sheria ya Marekani, kuyachangia ni kosa hata ukiwa raia, na asiye raia anahatarisha karatasi zake. Mwenye kapu akishindwa kukutajia nani anapokea, usitoe hata dola moja.