Ujumbe Mmoja, Bafa Nyingi: Upokeaji wa Data za Mtandao katika Lugha ya C

Utangulizi

Mkabala na Chuo Kikuu cha Kenyatta, ng'ambo ya Barabara Kuu ya Thika, kuna mtaa wa Kahawa Wendani. Karibu nao kuna Kahawa Sukari na Kahawa West. Mitaa hii mitatu inashiriki neno la kwanza. Kinachoitofautisha ni neno la pili. Mtu akiagiza mzigo upelekwe "Kahawa" kisha sauti yake ikakatika, mchukuzi hana budi kusubiri. Akiondoka kabla ya kusikia neno la pili, huenda akaufikisha mzigo kwingine.

Tarakilishi inayopokea ujumbe kupitia mtandao hukabiliwa na hatari iyo hiyo. Makala haya yanaeleza jinsi programu iliyoandikwa kwa lugha ya C inavyopokea data katika bafa zaidi ya moja kwa ombi moja, na kwa nini upokeaji huo huharibika pale mwandishi wa programu anapodhani kwamba kilichofika ndicho kilichotumwa chote.

Ufafanuzi wa istilahi

Baiti ni kipimo kidogo cha data. Herufi moja ya kawaida ya Kiswahili huchukua baiti 1. Bafa ni sehemu ya kumbukumbu ya tarakilishi iliyotengwa ili kuweka data kwa muda. Soketi ni lango ambalo programu hutumia kuwasiliana na mtandao. Itifaki ni kanuni za mawasiliano zinazofuatwa na pande mbili. Kiini ni ile sehemu ya mfumo endeshi inayosimamia mitambo yenyewe. Programu ikitaka data kutoka katika soketi, sharti ikiombe kiini.

Kwa nini bafa nyingi?

Aghalabu ujumbe wa mtandao huwa na sehemu mbili: kichwa, kinachotaja urefu wa ujumbe, na mwili, ambao ndio ujumbe wenyewe. Programu inaweza kupokea vyote katika bafa moja kubwa, kisha ikanakili kila sehemu mahali pake. Njia hiyo hufaa, ila ina gharama ya kunakili. Inaweza pia kukiombe kiini mara mbili, mara ya kwanza kwa ajili ya kichwa na ya pili kwa ajili ya mwili. Lakini kila ombi nalo lina gharama yake.

Njia ya tatu ni kukipa kiini orodha ya bafa na kukiomba kizijaze kwa zamu. Amri inayofanya kazi hiyo huitwa readv. Iliingia katika mfumo wa Unix kupitia toleo la 4.2BSD la Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka wa 1983, na leo ni sehemu ya kiwango cha POSIX. Kila bafa huelezwa kwa mambo mawili: anwani yake na ukubwa wake. Kwa mfano:

struct iovec v[2];
v[0].iov_base = kichwa;
v[0].iov_len = 4;
v[1].iov_base = mwili;
v[1].iov_len = 1024;
n = readv(soketi, v, 2);

Utendaji wake unafanana na mitungi ya maji iliyopangwa mbele ya mfereji katika ploti ya wapangaji. Mtungi wa kwanza hujazwa hadi pomoni ndipo wa pili uanze. Vivyo hivyo, kiini hakigusi bafa ya mwili kabla ya bafa ya kichwa kujaa. Aidha, mfereji ukikauka mtungi wa pili ukiwa nusu, mtekaji huondoka na kiasi alichopata. Thamani inayorejeshwa, yaani n, ndiyo inayotaja kiasi hicho.

Ujumbe unapofika nusu

Ichukuliwe kwamba ujumbe uliotumwa ni "Kahawa Wendani". Maneno hayo mawili pamoja na nafasi iliyo kati yake yana baiti 14. Kichwa kina baiti 4 zinazobeba namba 14. Jumla ni baiti 18.

Itifaki ya TCP hudhamini kwamba baiti zitafika kwa mpangilio zilivyotumwa. Haidhamini hata kidogo kwamba zitafika kwa mkupuo mmoja. Kwayo, data ni mkondo usio na mipaka, kama maji ya mto. Hivyo basi, readv inaweza kurejesha 11. Baiti 4 zimejaza kichwa, na 7 zimeingia katika mwili: "Kahawa" na nafasi inayofuata. Programu isiyoikagua n itadhani imepata ujumbe kamili. Hapo ndipo mchukuzi anapoondoka kabla ya kusikia neno la pili.

Kinyume chake pia hutokea. Mtumaji akituma "Kahawa Wendani" kisha papo hapo "Kahawa Sukari", ujumbe wa pili una baiti 17, yaani 4 za kichwa na 13 za mwili. Ombi moja la readv laweza kuleta baiti zote 35. Baiti 4 zitaingia katika kichwa, na 31 zilizosalia zitaingia katika bafa ya mwili: 14 za ujumbe wa kwanza, 4 za kichwa cha pili, na 13 za mwili wa pili. Wingi wa bafa hautenganishi ujumbe na ujumbe. Kinachotenganisha ni urefu uliotajwa katika kichwa.

Tiba ya hali ya kwanza ni subira: haba na haba hujaza kibaba. Programu huongeza n katika hesabu yake, husogeza anwani ya bafa ambayo haijajaa, hupunguza ukubwa uliobaki, kisha huomba tena. Iwapo n ni 0, upande wa pili umefunga mawasiliano. Iwapo ni -1, pana hitilafu ya kuchunguzwa. Tiba ya hali ya pili ni kuhifadhi baiti zilizozidi na kuzihesabu kuwa mwanzo wa ujumbe unaofuata.

Itifaki ya UDP ni tofauti. Yenyewe hulinda mipaka: ombi moja huleta kifurushi kimoja. Hata hivyo, bafa zikiwa ndogo kuliko kifurushi, baiti zinazozidi hutupwa. Amri ya recvmsg, ambayo pia hupokea orodha ya bafa, humjulisha mwandishi wa programu kuhusu upotevu huo kupitia alama ya MSG_TRUNC.

Namba, herufi na uaminifu

Namba iliyo katika kichwa ina mwelekeo wake wa kusomwa, mithili ya hati ya Kilatini na ile ya Kiarabu. Kwa desturi ya mtandao, baiti yenye thamani kubwa hutangulia, kwa hivyo 14 huandikwa 0, 0, 0, 14. Tarakilishi nyingi huzisoma baiti hizo kinyume. Programu isipozigeuza kwa amri ya ntohl, itasoma 234,881,024 na kusubiri data ambazo hazitakuja.

Fauka ya hayo, baiti si sawa na herufi kila mara. Katika mfumo wa UTF-8, neno "ng'ombe" lenye ritifaa iliyonyooka lina baiti 7. Ritifaa iliyopinda, ambayo programu nyingi za uandishi huiweka zenyewe, huchukua baiti 3. Neno lilo hilo huwa na baiti 9. Mpaka kati ya bafa mbili ukiangukia katikati ya baiti hizo 3, ritifaa hupasuka, na aliyeonyesha bafa ya kwanza peke yake huona alama isiyoeleweka. Utenzi uliopigwa chapa kwa hati ya Kiarabu uko katika hatari kubwa zaidi, kwani kila herufi yake huchukua baiti 2.

Mwisho, urefu unaotajwa na mtumaji ni dai tu. Sharti ulinganishwe na ukubwa wa bafa pamoja na idadi ya baiti zilizofika. Mnamo Aprili 2014 ilifichuliwa kasoro ya Heartbleed katika programu ya OpenSSL. Programu hiyo iliamini urefu uliotajwa bila kuukagua, ikamrudishia mwombaji hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu isiyomhusu, zikiwemo siri kama nywila.

Hitimisho

Imebainika kwamba kupokea data katika bafa nyingi hupunguza maombi kwa kiini na kuepusha unakili. Hata hivyo, mpangilio wa bafa ni mpango wa mpokeaji, mtandao hauujui. Nguzo za usalama ni kuhesabu kilichofika na kukilinganisha na kilichoahidiwa. Maelezo haya pia ni kielelezo kwamba Kiswahili, kwa maneno kama kiini, itifaki na ritifaa, kinaimudu mada hii. Msomaji wa lugha tayari anajua kwamba sentensi haifasiriwi kabla ya kufika nukta. Mwandishi wa programu naye hana budi kuzingatia kanuni iyo hiyo: asiupeleke mzigo popote kabla ya kulisikia neno la pili.